Kikosi cha kriketi cha waliozaliwa visiwa vidogo kuliko Unguja: nani awe wa pili kutoka Barbados?

Mwana wa Malindi anauliza:

Assalaamu alaykum ndugu zangu.

Sisi wachache tunaofuatilia kriketi hapa mjini tumekuwa na mazoea ya kupanga vikosi vya wakati wote, na tumekubaliana kwamba kikosi cha majina makubwa tu, kile ambacho wapigaji Bradman wa Australia na Tendulkar wa India hawakosekani, hakina mjadala wa maana, kwa kuwa kila mtu anakijua kabla hakijasomwa. Raha imo katika kikosi chenye sharti, ambacho kinamlazimisha mpangaji amwache mtu mkubwa nje na amtafute mtu aliyesahauliwa.

Nilianza na waliozaliwa Nairobi. Yumo Qasim Omar, aliyeichezea Pakistani na kuvuka mikimbio (alama za mpigaji) 200 mara mbili katika mechi za Testi, yaani zile za kimataifa za siku tano. Yumo Dipak Patel wa Nyuzilandi, ambaye katika Kombe la Dunia la 1992 alikabidhiwa mpira mpya ingawa alikuwa mrushaji wa mipira ya mzunguko, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati ule. Yumo pia Derek Pringle wa Uingereza, ambaye baba yake, Don, aliichezea timu ya Afrika Mashariki katika Kombe la Dunia la kwanza la mwaka 1975. Hata hivyo nafasi zilizobaki zilijazwa zote na Wakenya waliofika nusu fainali mwaka 2003, na nikajikuta nimepanga timu ya Kenya iliyoongezewa wageni watatu. Nimeliacha.

Sharti ninalolipenda zaidi ni hili la pili, kwa sababu linatuhusu sisi wa visiwani. Mchezaji awe amezaliwa katika kisiwa kidogo kuliko Unguja, ambayo ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 1,600. Kinachohesabiwa ni mahali alipozaliwa, si nchi aliyoichezea. Awe amecheza angalau mechi moja ya Testi. Na kisiwa kimoja kisitoe zaidi ya wachezaji wawili.

Tazameni linavyofagia. Guyana si kisiwa, ingawa watu wake huichezea West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, na kwa hiyo Clive Lloyd, Rohan Kanhai na Lance Gibbs hawamo. Trinidad ni kubwa takriban mara tatu ya Unguja, na Jamaika ni kubwa zaidi ya hapo, basi Brian Lara, Learie Constantine, Michael Holding na Courtney Walsh nao wanatoka. George Headley angetoka hata kama Jamaika ingekuwa ndogo, kwa sababu alizaliwa Panama. Sri Lanka yote inaondoka, na Tasmania inaondoka pamoja na Ricky Ponting wake.

Kutoka Antigua, kisiwa cha kilomita za mraba 280 hivi, nimeshawachukua Vivian Richards na Curtly Ambrose, na uamuzi huo siurudii, ingawa umewaacha nje Andy Roberts na Richie Richardson. Richards ndiye aliyefikisha mikimbio 100 kwa mipira 56 dhidi ya Uingereza mwaka 1986, tena nyumbani kwao Antigua, na hakuna aliyempita katika Testi mpaka mwaka 2016. Ambrose ndiye aliyeangusha wiketi 7, yaani kuwatoa wapigaji 7, kwa kuruhusu mkimbio 1 tu katika zamu moja ya kurusha mjini Perth mwaka 1993. Kutoka Saint Lucia nimemchukua Daren Sammy, mtu wa kwanza wa kisiwa hicho kucheza Testi, aliyeangusha wiketi 7 kwa mikimbio 66 katika mechi yake ya kwanza kabisa, uwanja wa Old Trafford, mwaka 2007.

Tatizo langu ni Barbados. Kisiwa kile kina kilomita za mraba 430 tu, na peke yake kingeweza kutoa kikosi kizima cha kuishinda dunia. Garfield Sobers hana mjadala: alipiga mikimbio 365 bila kutolewa mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 21, alirusha kwa kasi na kwa mizunguko ya aina mbili, na alidaka kila kilichomkaribia. Lakini nani awe wa pili? Malcolm Marshall? Mmoja wa wale watatu wenye majina ya herufi W, yaani Worrell, Weekes na Walcott? Gordon Greenidge, kwa kuwa nahitaji wapigaji wa kufungua, wale wawili wanaoanza kupiga? Naomba pia msaada wa mlinda wiketi, yule mdakaji anayesimama nyuma ya mpigaji, na wa mrushaji wa mizunguko.

Mchanga wa Wete anajibu:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu wa Malindi.

Kabla sijagusa Barbados, naomba kipimo kibadilishwe kiwe Pemba badala ya Unguja. Sisemi hivi kwa ubishi wa visiwa viwili. Pemba ina kilomita za mraba karibu 980, na kisiwa kikubwa kuliko vyote utakavyoviorodhesha ni Dominica, ambacho hakifiki 800. Hutampoteza mchezaji hata mmoja, na sharti lako litakuwa kali zaidi na zuri zaidi.

Sasa Marshall. Naona swali lako lina jibu moja, nalo limo ndani ya kikosi chako mwenyewe. Una wapigaji wawili ambao wangeingia kikosi chochote cha dunia, Richards na Sobers. Una mrushaji mmoja wa daraja hilo, Ambrose. Mechi ya siku tano haishindwi mpaka wiketi 20 za wapinzani zianguke, 10 katika kila zamu yao ya kupiga, na Ambrose hawezi kuziangusha peke yake, wala Sammy, pamoja na heshima zake zote, hakuwa mtu wa kuogopewa upande wa pili wa uwanja. Marshall alipata wiketi 376 katika mechi 81, kwa wastani wa chini kidogo ya mikimbio 21 kwa kila wiketi. Wastani wa Ambrose ni huo huo karibu kabisa. Ukiwaweka wawili hawa, mmoja mrefu mno anayeudundisha mpira kutoka juu, mwingine wa kimo cha kawaida anayeutelezesha chini ya gongo kwa kasi, mpigaji hapati ova (mipira sita ya mrushaji mmoja) ya kupumzika.

Tena kumbuka Leeds, Julai 1984. Marshall alivunjika kidole gumba cha mkono wa kushoto siku ya kwanza. Mwenzake Larry Gomes alipobakiwa na mikimbio michache kufika 100, Marshall aliingia uwanjani akapiga kwa mkono mmoja ili mwenzake akamilishe, kisha akafungwa plasta akarudi kurusha, na Waingereza 7 wakatoka mikononi mwake kwa mikimbio 53. Mtu huyu alifariki mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 41. Mimi siwezi kupanga kikosi cha visiwa vidogo bila yeye, na sioni atakavyoweza mwingine.

Binti Shangani anajibu:

Ndugu wa Wete amezungumza vizuri kuhusu wiketi 20, lakini amesahau kuuliza nani atakiongoza kikosi hiki, na kwa maoni yangu swali hilo ndilo linaloamua nafasi ya pili ya Barbados.

Napendekeza Frank Worrell. Wengi huitazama orodha ya wale W watatu na kumchukua Everton Weekes kwa sababu ya mikimbio yake 100 mara 5 mfululizo kati ya 1948 na mwanzo wa 1949, au Clyde Walcott kwa sababu aliwahi pia kulinda wiketi, na ninakiri kwamba kwa hesabu tupu Walcott angekupunguzia matatizo mawili kwa nafasi moja. Worrell ana jambo ambalo hao hawana. Timu ya West Indies iliongozwa kwa miaka mingi na wazungu wa visiwani, hata pale ambapo hawakustahili kuwamo kikosini kwa mchezo wao, na Worrell ndiye mtu mweusi wa kwanza kupewa unahodha kwa ziara nzima, ile ya Australia ya 1960 na 1961. Testi ya kwanza ya ziara ile, mjini Brisbane, ilimalizika kwa pande zote mbili kulingana mikimbio, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla ya hapo katika Testi. West Indies walishindwa mfululizo ule wa Testi, na bado watu wa Melbourne walijipanga barabarani kwa maelfu kuwaaga.

Tatizo kuu la timu ile lilikuwa hasa hili analolijaribu ndugu wa Malindi kwenye karatasi: watu wa visiwa mbalimbali, kila mmoja akimwona mwenzake mgeni. Mbarbados alimtazama Mjamaika kama mtu wa nchi nyingine, na wa visiwa vidogo kabisa hawakutazamwa na yeyote. Worrell, aliyezaliwa Barbados akahamia Jamaika, ndiye aliyewafanya kuwa timu moja. Kikosi chenye watu wa visiwa vinane au tisa kinamhitaji yeye kuliko kinavyomhitaji mrushaji wa pili wa kasi. Na mwaka 1962, nahodha wa India, Nari Contractor, alipopigwa na mpira kichwani huko Barbados na kukaribia kufa, Worrell alikuwa miongoni mwa waliomtolea damu.

Kwa upande wa kurusha, Dominica imemzaa Phillip DeFreitas, aliyeichezea Uingereza na kupata wiketi 140 katika Testi. Huyo anatosha kuwa mwenza wa Ambrose.

Kijana wa Michenzani anajibu:

Mimi nina majibu ya wapigaji wa kufungua tu.

Wa kwanza ni Wilf Slack. Alizaliwa Troumaca, kisiwani Saint Vincent, akaenda Uingereza utotoni, akawa nguzo ya Middlesex kwa miaka mingi, na akacheza Testi 3 kwa Uingereza mwaka 1986. Januari 1989 alianguka akiwa anapiga katika mechi mjini Banjul, Gambia, akafariki akiwa na umri wa miaka 34. Testi 3 ni chache, lakini sharti ni moja tu, na alikuwa mfunguzi wa kweli mwenye subira, aina ambayo haipatikani kwa urahisi katika visiwa hivi vidogo, ambako kila mtoto anataka kupiga kama Richards.

Wa pili ni Stuart Williams wa Nevis, mechi 31 za Testi. Alifikisha 100 mara moja tu, hilo halifichiki. Wapo pia Devon Smith wa Grenada na Kieran Powell wa Nevis. Ninamchagua Williams kwa sababu alikuwa anaushambulia mpira mpya, na hivyo atakuwa tofauti na Slack.

Na kwa kuwa Nevis ina nafasi mbili, ya pili apewe Keith Arthurton, mpigaji wa mkono wa kushoto, aliyepata 157 bila kutolewa mjini Brisbane mwaka 1992, na ambaye katika udakaji na ukimbiaji uwanjani wachache walimfikia zama zake. Kisiwa cha kilomita za mraba 93 kutoa wapigaji wawili kati ya watano wa mwanzo ni jambo la kuheshimiwa.

Mkwajuni anajibu:

Ndugu zangu, mlinda wiketi ni Junior Murray wa Grenada, na sioni haja ya kulirefusha. Ni Mgrenada wa kwanza kucheza Testi, alipata 101 bila kutolewa mjini Wellington mwaka 1995, na ukimchukua yeye humhitaji Walcott wala Ridley Jacobs wa Antigua, ambaye hata hivyo nafasi za kisiwa chake zimekwisha.

Mrushaji wa mizunguko ndiye wa kufikiriwa kwa makini, kwa sababu visiwa hivi vilijulikana kwa kasi, na waliozungusha mpira walipata tabu kupewa nafasi. Nimewaona watatu. Elquemedo Willett alikuwa Mnevis wa kwanza kucheza Testi, mwaka 1973, lakini ndugu wa Michenzani ameshaijaza Nevis. Shane Shillingford wa Dominica alipata wiketi 10 katika mechi moja dhidi ya Australia mwaka 2012, mjini Roseau, mbele ya watu wa kisiwa chake. Dosari yake ni kwamba alisimamishwa mara mbili kwa sababu ya namna mkono wake ulivyojikunja wakati wa kurusha, na wapo watakaosema hilo linamtoa. Mimi sisemi hivyo, maana kila mara alirudi uwanjani baada ya kupimwa, na wiketi zile za Roseau zimeandikwa na zimebaki.

Wa tatu ni Omari Banks, na hapa nitasimama kidogo. Anguilla ina kilomita za mraba 91 tu na watu wake hawajazi hata wilaya moja ya kwetu. Banks ni Mwanguilla wa kwanza kucheza Testi. Mei 2003, huko Antigua, Australia waliokuwa hawashikiki wakati ule waliwawekea West Indies lengo la mikimbio 418, kiasi ambacho hakuna timu iliyowahi kukifikia katika zamu ya mwisho ya Testi. Ramnaresh Sarwan na Shivnarine Chanderpaul walipata 100 kila mmoja, kisha wakatoka, na kazi ikabaki kwa kijana wa miaka 20 aliyekuwa anacheza mechi yake ya pili. Banks alibaki mpaka mwisho na mikimbio 47, pamoja na Vasbert Drakes, na lengo likafikiwa. Rekodi ile bado ipo. Baadaye aliacha kriketi akawa mwanamuziki. Mchezaji aliyecheza Testi 10 tu, na siku moja kati ya hizo akaibeba historia ya mchezo mzima, ndiye hasa kikosi cha aina hii kimewekwa kwa ajili yake.

Ombi langu la mwisho: wekeni mchezaji wa 12 asiyebanwa na sharti la Testi, ili Bermuda isikose. Bermuda haijacheza Testi hata moja, lakini kriketi imo katika damu yao, na kila mwaka nchi nzima husimama siku mbili, sikukuu rasmi, kwa mechi ya Somerset na St George's inayoadhimisha kuachiwa huru kwa watumwa. Mchezaji huyo awe Dwayne Leverock. Katika Kombe la Dunia la 2007, dhidi ya India mjini Port of Spain, kijana wa miaka 17, Malachi Jones, alirusha mpira wake wa kwanza wa mashindano, ukaligusa gongo la Robin Uthappa, na Leverock, mtu mzito wa zaidi ya kilo 120, akaruka upande wake wa kulia akaudaka kwa mkono mmoja. India walimaliza na mikimbio 413 na Bermuda wakashindwa vibaya, lakini udakaji ule unaoneshwa mpaka leo.

Mchanga wa Wete anajibu:

Ninamrudia Binti Shangani kwa heshima, kwa sababu hoja ya unahodha ni nzito na haistahili kupitwa kimya.

Dada yangu, yote uliyoyasema kuhusu Worrell ni kweli. Lakini nahodha tunaye tayari katika kikosi. Vivian Richards aliiongoza West Indies kuanzia 1985 mpaka 1991, katika Testi 50, na katika muda wote huo hawakushindwa mfululizo wa Testi hata mmoja. Tena yeye mwenyewe ni mtu wa kisiwa kidogo: kabla yake na Andy Roberts, hakuna Mwantigua aliyecheza Testi. Na pembeni yake kuna Sammy, aliyeongoza West Indies kulitwaa Kombe la Dunia la ova 20 mara mbili, 2012 na 2016, huku akitokea kisiwa ambacho kabla yake hakikuwa na jina katika Testi. Kama kuna mtu anayejua kuwaunganisha watu wa visiwa tofauti, wapo wawili tayari. Kurusha kwa kasi hatuna wa ziada.

Binti Shangani anajibu:

Kaka, nimeipokea hoja ya Richards, nayo ina nguvu. Hata hivyo naomba itofautishwe: Richards alirithi timu iliyokwisha kuwa moja, baada ya Clive Lloyd kuijenga kwa zaidi ya miaka 10, na Worrell aliijenga pale ambapo haikuwapo. Sisi hapa tunajenga upya, kutoka visiwa ambavyo vingine havijawahi kukaa chumba kimoja. Kama wengi mtamchagua Marshall nitakubali, lakini jina la Worrell liandikwe kwamba lilijadiliwa, lisionekane kuwa lilisahauliwa.

Mwana wa Malindi anajibu:

Ahsanteni sana. Kipimo nimekihamishia Pemba kama alivyoomba ndugu wa Wete, na ni kweli kwamba hakuna aliyepotea.

Kikosi kinasimama hivi: Slack na Williams wanafungua, Richards wa tatu na ndiye nahodha, Arthurton wa nne, Sobers wa tano, Murray wa sita na glavu, Sammy wa saba, Marshall wa nane, Banks wa kenda, Shillingford wa kumi, Ambrose wa mwisho, na Leverock wa 12. Visiwa tisa pamoja na Bermuda. Worrell nimemwandika msimamizi wa kikosi. Kazi hiyo aliwahi kuifanya kweli baada ya kustaafu kucheza, na nafasi hiyo haibanwi na sharti la wawili kwa kisiwa.

Nafasi ya kenda ndiyo pekee ambayo bado nina wasiwasi nayo. Katika uwanja mkavu, kama wa Roseau au wa India, nitawaacha Banks na Shillingford pamoja. Uwanja ukiwa na majani na mawingu yametanda, kama Leeds, mizunguko miwili ni mingi, kwa kuwa Sobers naye anazungusha, na hapo DeFreitas anaingia badala ya Banks, Dominica ikitimiza watu wake wawili. Ndugu wa Mkwajuni, wewe uliyemtetea Banks, tafadhali niambie kama unalikubali badiliko hilo kwa viwanja vya Uingereza.

Mkwajuni anajibu:

Kwa Leeds nakubali. Kwa Antigua, Banks asiguswe.